Maneno ya Kiingereza ya Kuzuia na ya Kuwekea Mpaka

Katika shule nyingi neno "zuia" limefanywa kuwa mtumishi wa kazi zote. Mwanafunzi akiuliza maana ya "restrain", huambiwa ni kuzuia. Akiuliza "restrict", ni kuzuia. Na "prevent", "check", "curb", "hinder" na "confine", yote ni kuzuia. Mwalimu huyaandika ubaoni, darasa hunakili, na somo limekwisha. Nataka kuonyesha kwamba desturi hii ina hasara, wala hasara yake si ya mitihani peke yake.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa kijana katika kazi ya ualimu, niliombwa kufasiri tangazo la hospitali moja. Kiingereza chake kilisema kwamba wageni wa wagonjwa ni "restricted to" saa za jioni, maana yake waje jioni tu. Nami, kwa kuwa nilikwisha kukariri ya kwamba neno hilo ni kuzuia, niliandika: "Wageni wamezuiwa saa za jioni." Karatasi zote mbili zikabandikwa ukutani. Mama mmoja alitoka mbali kwa miguu, amemchukulia mwanawe chakula. Alifika jioni, akasomewa Kiswahili changu, akalala nje. Asubuhi alikwenda tena mlangoni, akarudishwa na bawabu aliyeifuata karatasi ya Kiingereza. Basi mlango ulikuwa umefungwa kwake saa zote, hata muuguzi mmoja alipouliza sababu, ndipo kosa langu likaonekana.

Kosa lile lilikuwa katika neno dogo "to". Waingereza husema "restrain from" na "prevent from", lakini husema "restrict to", "limit to" na "confine to". Neno "from" laonyesha jambo lililokatazwa. Neno "to" laonyesha jambo lililobaki halali. Mwenye kuyafasiri yote kwa "zuia" tu aweza kukataza lile lililoruhusiwa. Kwa Kiswahili sanifu maana ya "restrict to" haikai katika kitendo peke yake. Hukaa katika "tu", "peke yake", "isipokuwa" au "ila". Ningaliandika, "Wageni huruhusiwa jioni tu," yule mama angalimwona mwanawe siku ile ile.

Wazee wetu waliijua tofauti hii kabla ya sisi kuona kamusi. Walisema, mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Mbuzi huyo hakukatazwa kula. Amewekewa mpaka wa kula. Hiyo ndiyo "restrict". Aliyekatazwa kula ni mbuzi mwingine kabisa.

Tukitazama asili ya maneno haya tutaona kwamba kila moja lina picha yake. "Limit" latoka katika Kilatini "limes", yaani mpaka au njia iliyopita kati ya mashamba. Na katika "confine" limo neno "finis", yaani mwisho. Hayo ni maneno ya ardhi, na kwetu "wekea mpaka" yatosha. "Restrain" na "restrict" ni ndugu wa tumbo moja: yote mawili yatoka katika kitendo cha Kilatini "restringere", kukaza au kufunga kwa nyuma. Hata hivyo ndugu hao wameachana. "Restrain" hutumika aghalabu mahali penye nguvu inayosukuma, kama mtu mwenye hasira anayeshikwa na wenzake. "Restrict" hutumika katika amri na kanuni. "Impede" lina neno la mguu ndani yake, "pes", kwa kuwa kwanza lilikuwa kutia miguu pingu. "Hinder" ni neno la Kiingereza cha kale, lenye maana ya kurudisha nyuma.

Yapo pia maneno ya farasi. "Rein" ni hatamu, nalo latoka katika Kilatini "retinere", kushikilia nyuma. "Curb" ni ukanda au mnyororo upitao chini ya taya ya farasi. "Refrain" latoka katika "frenum", yaani lijamu. Hapa ndipo "zuia" hupunguka zaidi, kwa maana mpanda farasi hataki farasi asimame. Ataka aende, lakini aende atakakoelekezwa. Mtu anayeitia hasira yake "curb" bado anayo hasira, ila ameitawala. Kwa maana hiyo "tawala", "dhibiti" au "tia hatamu" yafaa kuliko "zuia". Mwalimu awaonye wanafunzi pia kwamba "refrain" ya wimbo, yaani kiitikio, ni neno jingine lenye asili nyingine, ingawa sauti ni moja.

"Check" limetoka mbali zaidi. Asili yake ni mchezo wa sataranji, na neno lenyewe ni "shah" la Kiajemi, maana yake mfalme. Mfalme akishambuliwa, mchezaji hana budi kuliacha shauri lake lote na kumwokoa kwanza. Basi "check" ni kusimamisha ghafula jambo lililokwisha kuanza. "Prevent" ni kinyume chake: ni kutangulia kabla jambo halijaanza. Ndiyo sababu katika maradhi twasema "kinga", na maradhi yakiisha kuenea twasema "komesha" au "punguza kasi".

Hilo "prevent" lanipeleka kwenye jambo liwapasalo hasa makasisi. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, neno hili lilikuwa bado na maana ya Kilatini, yaani kutangulia. Katika 1 Wathesalonike 4:15, Mtume hasemi kwamba walio hai watawazuia waliolala mauti, asema hawatawatangulia. Vivyo hivyo katika Kitabu cha Sala cha Kiingereza iko sala imwombayo Mungu afanye "prevent", maana yake atutangulie kwa neema yake. Msomaji wa leo asiyeonywa atadhani twamwomba Mungu atupinge!

Gumu kuliko hilo ni "let". Leo maana yake ni kuruhusu. Lakini zamani yalikuwako maneno mawili, moja la kuruhusu na moja la kuchelewesha au kuzuia, hata sauti zikawa moja. La pili limesalia katika mchezo wa tenisi na katika maneno ya pasi za Uingereza. Katika 2 Wathesalonike 2:7 Biblia ya 1611 hutumia "let" kwa maana ya kuzuia, na asiyejua hufahamu kinyume kabisa. Tafsiri iliyosahihishwa ya Agano Jipya, iliyotolewa mwaka 1881, iliweka hapo "restrain".

Katika mahali hapo Kiswahili chastahili sifa. Kiyunani hutumia kitendo kimoja, "katecho", katika aya ya 6 na ya 7. Kiingereza cha 1611 kiligawanya, kikaweka "withhold" katika moja na "let" katika nyingine. Biblia yetu ya Muungano ya mwaka 1952 imeweka "zuia" katika zote mbili, na msomaji huona mara moja kwamba habari ni moja. Kwa hiyo silishitaki neno "zuia". Nashitaki uvivu wetu wa kulitia kila mahali. Tena "katecho" ndicho kitendo kilichotumika katika 1 Wathesalonike 5:21, Mtume alipoagiza kulishika lililo jema. Hapo "zuia" lingeharibu maana yote, nao wafasiri wetu hawakulitia, walitia "shika".

Shauri langu kwa waalimu ni haya. Tusifundishe neno la namna hii peke yake; tulifundishe pamoja na "from" au "to" yake, na ndani ya sentensi nzima. Kisha tumwulize mwanafunzi maswali matatu: Je, jambo limekatazwa, au limewekewa mpaka? Je, limekwisha kuanza, au bado? Na ni nini kilichobaki halali? Akiisha kujibu, ndipo achague kati ya kataza, zuia, kinga, komesha, pinga, tawala na wekea mpaka. Na mwenye kufasiri tangazo la watu wote, kwanza amsomee mtu asiyejua Kiingereza, amwulize amefahamu afanye nini. Mimi sikufanya hivyo, na mama yule alilala nje.