Ng'ombe Walizama au Waliliwa?

Samaki mkunje angali mbichi. Ukizungumzia elimu ya watoto hapa kwetu, hakosi kutokea mtu wa kuitaja methali hiyo, na wengine wote wakatikisa vichwa kukubali. Sina ugomvi na methali yenyewe. Nina ugomvi na namna tunavyoitumia: eti kumfundisha mtoto ni kumkunja, na akishakunjika basi amejua. Katika makala hii nataka kuihakiki namna hiyo ya kufundisha, hasa katika masomo mawili yanayotuhusu sisi tunaotamani kuwa waandishi, yaani historia na uandishi. Nitamhakiki pia marehemu Mathias Mnyampala, ambaye nampenda sana, maana ndiye aliyenifanya nilifikirie jambo hili.

Ndugu msomaji, mimi si mwalimu. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani Nkuhungu, Dodoma, na tangu hapo naandika riwaya ambayo haijaisha. Jioni nawafundisha watoto wa dada yangu. Mkubwa, wa kiume, yuko darasa la nne. Mdogo, wa kike, darasa la pili. Wanarudi na madaftari yaliyojaa mwandiko mzuri, lakini ukiwaambia waandike kitu cha kwao wenyewe, hata mistari mitatu, wanakutazama kama umewaomba hela. Nikaamua kwamba nyumbani hatutarudia ya shuleni. Tutasoma historia ya hapa hapa tulipo, kisha tutaiandika.

Nilianza na kitabu cha Mnyampala, Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichochapwa mwaka 1954. Nilichonacho ni fotokopi iliyofifia, kurasa nyingine unazisoma kwa kukisia. Wengi wetu tunamjua mzee huyu kama mshairi. Alizaliwa Ugogo mwaka 1917, akafariki mwaka 1969, na katikati hapo alipata kuwa mwalimu, karani na hakimu. Siku ambazo habari za Wagogo ziliandikwa zaidi na wamisionari na maofisa wa serikali ya kikoloni, yeye Mgogo aliketi akaziandika kwa Kiswahili. Jambo ninalolisifu zaidi ni kwamba hakulazimisha Wagogo wote wawe wajukuu wa babu mmoja. Anaonyesha koo zilivyotoka pande mbalimbali, kila ukoo na masimulizi yake. Mwaka 1995 kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza, kwa kazi ya mwanahistoria Gregory Maddox. Kwa hiyo msomaji wa ng'ambo anakipata kikiwa safi, na mimi wa Nkuhungu nakipata kwa fotokopi. Lakini hilo ni la siku nyingine.

Jioni ya kwanza niliwasomea ukurasa mzima kama ulivyo. Mdogo alilala kabla sijafika chini. Kosa si la Mnyampala, yeye hakuwaandikia watoto. Jioni ya pili nikafanya kile nilichofanyiwa mimi shuleni: nikafupisha. Nilichukua chaki, nikaandika mistari sita kwenye mlango wa stoo, wakanakili. Mkubwa aliandika vizuri kabisa kwamba Wagogo walitoka sehemu mbalimbali. Nikamuuliza, "Sehemu gani?"

Akajibu, "Mbalimbali."

Nilicheka, halafu sikucheka tena, maana ndivyo nilivyofaulu mtihani wangu wa historia. Hapo ndipo nilipoona kosa letu. Tukitaka kumrahisishia mtoto somo, tunaondoa vitu vyenye ncha: majina, ugomvi, mashaka, masimulizi yasiyopatana. Tunabakiza hitimisho. Lakini hitimisho bila ugomvi wake ndilo jambo gumu kuliko yote, kwa sababu halina pa kushikia. Mtoto atalibeba mpaka kwenye chumba cha mtihani, alitue huko, arudi mikono mitupu.

Jioni ya tatu niliacha kitabu, nikachukua jambo moja tu: jina la mji wetu. Kuna masimulizi mawili yanayojulikana sana. La kwanza linasema tembo alikuja kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, kilichopewa jina hilo kwa sababu ya mikuyu iliyoota kando yake, akanasa kwenye tope akazama. Watu wakapaita Idodomya, maana yake kwa Kigogo, mahali pa kuzama. La pili lina harufu ya utani wa majirani. Linasema Wagogo fulani waliiba ng'ombe wa Wahehe, wakawachinja wakawala, wakabakiza mikia. Wenye mali walipofika, wakaonyeshwa mikia imechomekwa kwenye tope: tazameni, ng'ombe wenu wamezama.

Niliyasimulia yote mawili bila kusema lipi la kweli. Mkubwa akaamua mara moja: tembo, kwa sababu ndivyo alivyosikia shuleni. Mdogo akakaa kimya. Kisha akauliza, "Mamdogo, kwani Wahehe hawakuchimba?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Lakini nathubutu kusema hilo ndilo swali la kwanza la kihistoria kuulizwa ndani ya nyumba yetu. Mtoto wa darasa la pili alikuwa anadai ushahidi. Alikuwa ameona kwamba mkia si ng'ombe, na kwamba anayekuonyesha mkia anaweza kuwa na sababu zake. Watu wazima wangapi wanasikiliza taarifa ya habari hivyo?

Nikawaambia waandike. Nilihitaji umbo ambalo tayari wanalijua, na hapo nikarudi kwa Mnyampala yule yule kupitia mlango wake wa pili, ngonjera. Sote tunazijua. Siku ya mahafali watoto wanapanga mstari mbele ya mgeni rasmi, mmoja anajifanya hajui, mwingine anamweleza, wanajibizana, na mwishoni yule asiyejua anasalimu amri na wote wanakubaliana. Mnyampala ndiye aliyezipa ngonjera sura hiyo tunayoijua, na vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshafariki. Zilitumika sana kueneza siasa ya Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Sasa nije kwenye uhakiki wangu. Ngonjera ni chombo kizuri kwa mtoto. Ina sauti mbili, ina kujibizana, ina mwili kwa sababu unasimama ukaisema. Kasoro yake ni mwisho. Mwisho wake umeshajulikana tangu ubeti wa kwanza. Asiyejua hana nafasi ya kushinda, wala ya kuuliza swali linalomkwaza anayejua. Anauliza yale tu yenye majibu. Inashangaza, kwa sababu mwaka huo huo wa 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka elimu imjengee kijana akili ya kudadisi. Ngonjera ikaipokea siasa ile ikaiimba vizuri, lakini udadisi ukabaki nje ya jukwaa. Kwa maoni yangu Mnyampala mwandishi wa historia yuko huru kuliko Mnyampala wa ngonjera. Wa kwanza anaziacha koo ziseme kila moja la kwake. Wa pili amevaa joho la hakimu, na kila kesi lazima aitolee hukumu kabla watu hawajatawanyika.

Wala isionekane namsema marehemu peke yake. Katika mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 kuna somo linaloitwa Historia ya Tanzania na Maadili. Nafurahi kwamba historia yetu inafundishwa kwa lugha yetu. Lakini hilo neno la pili linanitia wasiwasi. Mtoto akishajua kwamba kila kisa kitaishia kwenye fundisho, ataruka kisa aende moja kwa moja kwenye fundisho, kama anayekunywa mchuzi akaacha nyama.

Basi nikawapa watoto sharti moja: ngonjera ya Mgogo na Mhehe, lakini marufuku kukubaliana mwishoni. Mkubwa akawa Mgogo, mdogo Mhehe. Naandika walichoandika, nimesahihisha tahajia tu.

MHEHE: Ng'ombe wetu wako wapi?
MGOGO: Wamezama. Mikia hiyo hapo.
MHEHE: Mbona hamkutuita walipokuwa wanazama?
MGOGO: Mlikuwa mbali.
MHEHE: Haya, vuta mkia mmoja tuone.

Ikaishia hapo, kwa sababu Mgogo alikataa kuvuta. Mkubwa alinuna kweli kweli. Akasema mdogo wake anawadhalilisha Wagogo na sisi wenyewe ni Wagogo. Nikamwambia abadilishe upande, kesho yake awe Mhehe. Aliandika ukurasa mzima. Mtoto ambaye mistari mitatu ilikuwa inamtoa jasho! Hakuwa amefundishwa kanuni yoyote mpya ya insha. Alikuwa na jambo la kusema na mtu wa kumwambia.

Dada yangu hakufurahi sana. Aliporudi kazini akatukuta uani na karai la tope tumechomeka kamba kujaribu kama mkia unaweza kusimama, na maji yenyewe siku hiyo yalikuwa ya kununua kwa ndoo. Akauliza swali moja, "Hilo litatoka kwenye mtihani?" Ndugu msomaji, usimcheke. Mtoto wake wa darasa la nne ana mtihani wa taifa mwaka huu, na dada ndiye anayelipa. Nilimjibu kwamba mtihani una sehemu ya kuandika, na kwamba mtoto aliyezoea kuandika ukurasa hatatishwa na mistari mitano. Alinyamaza, lakini naona hakuridhika. Tukakubaliana siku tatu za wiki ni za mtihani, mbili ni zangu.

Kuna jioni moja pia ambayo mimi mwenyewe nilikosea. Riwaya yangu inahusu Mtunya, ile njaa kuu ya Ugogo ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wajerumani, kisha ya Waingereza, yalichukua wanaume kwa upagazi, yakachukua ng'ombe na nafaka, na mvua nayo ikagoma. Maddox, aliyeichunguza njaa hiyo, anaeleza kwamba ilikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Nikafikiri, namba hizo mtoto hazioni. Nyumbani tuko watano: bibi, dada, watoto wawili na mimi. Nikapanga sahani tano mkekani, nikaondoa moja. Nikasema, ilikuwa hivi, kila nyumba.

Mdogo akauliza, "Hiyo sahani ni ya nani?"

Hakula usiku ule. Bibi ndiye aliyeokoa jahazi. Alinikaripia kwanza, kisha akamweka mtoto mapajani, akaanza kumweleza aliyoyasikia kwa wakubwa zake kuhusu waliobaki: mlenda uliokaushwa ukawekwa akiba, ubuyu, mizizi ya porini, na safari za usiku kutafuta mtama kwa majirani. Mtoto akaanza tena kuuliza. Walitembea siku ngapi? Nani alibaki na mbuzi? Nikajifunza kwamba mtoto hahitaji kufichwa msiba, lakini usimwachie kifo peke yake. Mpe na watu waliokuwa wanafanya kitu, ili naye awe na kitu cha kuuliza.

Usiku huo niliufungua mswada wangu, sura ya saba. Babu anasimulia habari za Mtunya, wajukuu wanasikiliza, wajukuu wanatikisa vichwa. Hakuna hata mmoja anayeuliza kwa nini yeye alipona na kaka yake akafa. Hakuna anayeuliza nafaka ya mtemi ilikuwa wapi. Kurasa kumi na nne za ngonjera, tena zisizo na vina! Nimekuwa nikiandika kama nilivyofundishwa: mmoja anajua, wengine wanapokea, mwisho hukumu. Nimezifuta zote kumi na nne. Iliniuma, lakini sasa sura hiyo ina mjukuu mkorofi anayeuliza, na babu anayekasirika, na kwa mara ya kwanza sijui itaishaje.

Kwa hiyo, kwa mwenzangu unayewafundisha wadogo zako nyumbani, shauri langu ni fupi. Punguza mzigo, usipunguze swali. Jambo moja kwa jioni linatosha, lakini liwe na pande mbili, na mtoto aandike upande asioupenda pia. Chukua mali kwenye historia ya Mnyampala, chukua umbo kwenye ngonjera zake, ila hukumu mwachie hakimu. Na kama unaandika hadithi, shauri ni hilo hilo.

Kuhusu mikia, watoto bado hawajaafikiana. Mkubwa sasa anasema huenda yote mawili ni kweli, tembo na ng'ombe. Mdogo anasema Jumamosi twende Kikuyu, na ameshaniambia nisisahau kubeba jembe.