Gollum Yupi Ndiye?

Wapenzi wa Tolkien wakianza kubishana kuhusu wachoraji, likitajwa jina la Tove Jansson tu, kimewaka. Huyu ni msanii wa Ufini, yuleyule aliyetupa Moomin, na ndiye aliyechora The Hobbit ya Kiswidi ya mwaka 1962. Gollum wake ni jitu! Bilbo mbele yake anaonekana kama kifaranga.

"Kakosea," watu wanasema. Kakosea wapi? Kitabu kilipotoka mwaka 1937 hakikutaja kimo cha Gollum. Toleo la 1966 ndilo lililosema wazi kwamba ni kiumbe mdogo. Jansson alikuta pengo, akalijaza kwa hofu.

Alan Lee na John Howe nawapenda, sibishi. Lakini wao pia walizichorea filamu za Peter Jackson, na siku hizi nikifungua kitabu naiona sinema. Gollum niliyemuumba mwenyewe niliposoma mara ya kwanza simkumbuki tena, jamani.

Ndiyo maana namrudia Jansson. Jitu lake si Gollum wangu, ila linanikumbusha kwamba na mimi niliwahi kuwa naye.