Kinachopimwa ni Akili au ni Tafsiri? Uhakiki wa Hojaji na Mahojiano katika Utafiti wa Saikolojia kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna hojaji na mahojiano yanavyotumika kukusanya data za saikolojia kwa Kiswahili, kwa mfano wa PHQ-9, hojaji inayopima dalili za sonona. Inahojiwa kwamba makosa mengi ya upimaji huzaliwa katika lugha kabla ya kufika katika takwimu, na kwamba mahojiano yanapaswa kuitangulia hojaji badala ya kuifuata.

Utangulizi

Matokeo ya PHQ-9 yalichapishwa mwaka 2001 na Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams, baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa 6,000 katika kliniki za Marekani. Hojaji hiyo ina maswali tisa kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita. Kila swali hupewa alama 0 hadi 3, jumla ikiwa 0 hadi 27, na alama 10 hutumiwa kwa kawaida kuwa kizingiti cha kumtambua anayehitaji uchunguzi zaidi. Ni fupi na haitozwi malipo, hivyo imeenea pia Afrika Mashariki. Kuenea huko ndiko kunakodai uhakiki. Alama zikishageuzwa kuwa asilimia katika ripoti, mshauri wa sera haoni tena maneno yaliyozizaa.

Utata katika lugha ya hojaji

Mfano wa kwanza ni ngazi za majibu. Alama 2 hutolewa kwa mtu aliyesumbuliwa katika zaidi ya nusu ya siku hizo kumi na nne. Nomino siku haibadiliki umbo katika umoja na wingi. Mtafsiri akiandika "zaidi ya nusu ya siku", msikilizaji anaweza kuelewa muda unaozidi nusu ya siku moja. Aliyesumbuliwa siku tatu tu, lakini kutwa nzima, atalichagua jibu hilo badala ya lile la alama 1. Akifanya hivyo katika maswali manne, jumla yake hupanda kutoka 7 hadi 11, naye huvuka kizingiti ilhali hali yake haikubadilika. "Zaidi ya siku saba" ingeuondoa utata huo.

Mfano wa pili ni neno hamu. Swali la kwanza linahusu kupungukiwa na hamu au raha ya kufanya mambo. La tano linahusu kukosa hamu ya kula au kula kupita kiasi. Yanaposomwa kwa haraka, mhojiwa anaweza kufikiria chakula katika yote mawili. Majibu yakilingana, mtakwimu atausifu uthabiti wa ndani wa hojaji, kumbe kilicholingana ni neno.

Mfano wa tatu ni jina la tatizo lenyewe. Sonona, mfadhaiko, unyogovu na msongo wa mawazo hutumika kwa kubadilishana katika maandishi ya kanda hii, ingawa mzungumzaji wa kawaida husema tu kwamba fulani "ana mawazo".

Watafiti wengi hutegemea tafsiri rejeshi, mbinu iliyopata umaarufu kupitia kazi ya Richard Brislin ya mwaka 1970. Hata hivyo, anayerejesha matini katika Kiingereza kwa kawaida ni msomi anayezijua hojaji za aina hiyo. Akikutana na "nusu ya siku", atairudisha kwa maana iliyokusudiwa. Mbinu hiyo huthibitisha kwamba wafasiri wawili wameelewana. Haithibitishi kwamba mhojiwa ameelewa.

Mahojiano nayo

Mahojiano hayana kinga dhidi ya udhaifu huu. Adabu ya maamkizi humtaka mtu ajibu "nzuri" au "salama" kabla ya kutaja baya lolote, na mara nyingi baya hilo hufuata neno "ila". Mtafiti anayeandika jibu la "Unaendeleaje?" kuwa data anaandika adabu, si hali ya moyo. Aidha, hojaji inayosomewa wasiojua kusoma hugeuka kuwa mahojiano: msaidizi wa utafiti hufafanua, hurahisisha, pengine hubadili lugha. Ripoti huambatisha matini iliyoandikwa, ilhali mhojiwa aliijibu matini nyingine ambayo haikurekodiwa.

Pamoja na hayo, hojaji haiwezi kutupwa. Bila kipimo cha pamoja, wilaya haiwezi kulinganishwa na wilaya, wala mwaka na mwaka. Suala ni mpangilio wa hatua. Nchini Rwanda, utafiti wa Paul Bolton uliochapishwa mwaka 2001 ulianza kwa kuwaomba wenyeji wataje matatizo kwa maneno yao. Ndipo likajitokeza jina la Kinyarwanda agahinda gakabije, yaani huzuni iliyopita kiasi, ambalo dalili zake zilikaribiana na za sonona. Nchini Zimbabwe, Vikram Patel na wenzake walitunga hojaji ya maswali 14 kwa kuanzia na lugha ya Kishona, iliyokuwa na neno lake la kuwaza kupita kiasi, kufungisisa. Katika kazi zote mbili, mahojiano yalitangulia kipimo.

Hitimisho na mapendekezo

Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha hatua kama hiyo mwaka 2022. Urasmi huo haumaanishi kwamba hojaji ya Kiswahili sanifu inafaa kwa kila raia. Wengi katika nchi hizo huhuzunika kwa lugha nyingine, na Kiswahili cha Lubumbashi hakilingani na cha Unguja kwa msamiati wala upatanisho wa kisarufi.

Inapendekezwa, kwanza, kamati za maadili ya utafiti zidai ushahidi kwamba wahojiwa wa eneo husika walieleza kila swali kwa maneno yao kabla ya ukusanyaji data. Pili, ufafanuzi wa wasaidizi urekodiwe na kuripotiwa. Tatu, kizingiti kisihamishwe kutoka nchi moja hadi nyingine bila kulinganishwa na uchunguzi wa kitabibu wa mahali hapo. Masharti hayo yataongeza gharama na muda. Lakini swali la tisa la PHQ-9 linahusu fikra za kufa au kujidhuru, na mtu ambaye hakulielewa huhesabiwa kuwa salama.