Kumtambua Anayejua Kufunga Seti

Ustadi wa kufunga seti ya pingpong hupimwa tisa-tisa, pale mchezaji mdogo anapokuwa mezani na mtu aliyemzidi. Kalemie, kama popote penye meza moja na watazamaji wengi, sifa humwendea aliyemaliza kwa smeshi: mpira umeruka hadi ukutani, mwenyewe amevua fulana, wenzake wanaimba jina lake. Sifa hizo zimepotea njia. Aliyezidiwa akifika kumi-tisa kisha akapiga smeshi, amekubali kushindana na hodari katika jambo ambalo hodari analifanya kila siku. Ikiingia ni bahati, na bahati haihesabiwi kuwa kazi.

Kazi safi huanza kwenye kura. Servisi hupokezanwa mbili-mbili, kwa hiyo ikifika tisa-tisa zimekwisha chezwa pointi 18, na zamu ni ya yule aliyeanza seti kwa kupokea. Kumi-kumi zamu humrudia mwenzake, na tangu hapo kila mmoja hupiga moja. Mdogo anayejua hesabu hii akishinda kura huchagua kupokea. Aliyepokea kwanza katika seti ya kwanza hupokea kwanza pia katika ya tatu na ya tano, hivyo uamuzi mmoja humpa servisi za tisa-tisa hata katika seti ya mwisho. Anayerukia servisi kwa pupa hajui anachokitupa.

Kitu ambacho mtazamaji wa kawaida hakioni kamwe ni servisi iliyowekwa akiba. Mchezaji wa kweli ana servisi tatu, lakini hadi nane-nane huonyesha mbili tu. Tuseme seti nzima ametoa servisi fupi ya kukata upande wa kulia wa mpinzani, naye mpinzani amezoea kuisukuma: raketi imefunguka, bega limelegea. Tisa-tisa inakuja servisi ambayo kwa macho ni ileile. Mguu uleule, mpira umetupwa kimo kilekile, kiwiko kimeshuka vilevile, raketi imepita chini ya mpira na hata kukata hewa kwa ukali zaidi baada ya kuugusa. Tofauti iko kwenye mguso. Mpira umeguswa karibu na mpini, mahali raketi isipo na kasi, ukatoka bila mzunguko. Aliyesimama karibu na meza ataona chapa ya kiwandani ikisomeka wakati mpira unavuka neti. Mpira uliokatwa kweli hauonyeshi maandishi. Hodari anausukuma kama alivyozoea, nao unapanda juu mno. Kilichobaki ni kuuweka mahali asipokuwepo, na mara nyingi hata hilo halihitajiki, kwa sababu mpira umetoka nje wenyewe. Watazamaji watasema kajiharibia. Hakujiharibia hata kidogo. Kosa lile lilianza kupikwa tangu mbili-mbili, na seti iliyofungwa vizuri daima hufanana na uzembe wa mpinzani.

Quadri Aruna wa Nigeria alimtoa Timo Boll wa Ujerumani kwa seti nne kwa mbili katika Olimpiki ya Rio de Janeiro mwaka 2016, akawa Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya mchezaji mmoja mmoja. Wanaoikumbuka mechi ile huzungumzia nguvu za mkono wake wa kulia. Afadhali wayasome matokeo: kati ya seti nne alizoshinda, tatu ziliisha 12-10, 12-10 na 11-9. Nguvu peke yake haifungi seti tatu namna hiyo mbele ya Boll.

Kupokea nako kuna daraja lake. Katika Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, Jun Mizutani na Mima Ito wa Japani, wakicheza kama jozi, walikuwa nyuma 2-9, kisha 6-10, katika seti ya saba mbele ya Wajerumani. Wakaokoa pointi saba za mechi, wakashinda 16-14, na hatimaye wakatwaa dhahabu kwa kuwafunga Wachina. Watu huita hiyo roho ngumu. Roho ngumu haipokei servisi. Kutoka 6-10 hadi 10-10 kila upande hupiga servisi mbili, maana yake pointi mbili kati ya hizo nne ziliokolewa kwa kupokea. Mpokeaji mzuri wa dakika hizo huurudisha mpira mfupi, chini, bila mbwembwe.

Walaghai nao wana akiba yao. Hadi mwaka 2002 iliruhusiwa kuuficha mpira nyuma ya mkono au bega wakati wa kuupiga, na wapo waliojenga jina kwa hilo. Siku hizi mpira hurushwa chini ya sentimita 16 zinazotakiwa, refa akiwa amechoka. Pasipo na refa, mlaghai hupigiwa servisi safi kisha hupaza sauti, "Neti!" ili irudiwe.

Mapumziko ya dakika moja, ambayo kila mchezaji anayo mara moja tu kwa mechi, huombwa mtu akiwa mbele. Hiyo ni kanuni. Anayeomba akiwa nne-tisa anapumzika tu.

Seti za pointi 21, zilizoondolewa mwaka 2001, zilikuwa na servisi tano mfululizo, na katika zamu moja fundi aliweza kutega na kunasa. Mpira wa milimita 38 uliyatii hayo. Huu wa 40, tena wa plastiki, ni mzito wa masikio.

Kwa meza za nje za Kalemie, kando ya ziwa Tanganyika, kiangazi upepo wa kusini-mashariki ukivuma kutoka ziwani, upande una thamani kuliko zamu. Anayeupiga mpira upepo ukiwa usoni huuona ukishuka mezani. Ukiwa mgongoni, mpira hupitiliza. Katika seti ya tano pande hubadilishwa mmoja akifika pointi 5. Kwa hiyo anayetaka kumaliza uso ukielekea ziwani huianza mechi akiwa amelipa ziwa mgongo, na kura akiishinda huchagua upande, amwachie mwenzake uamuzi wa servisi.