Simu imekipokonya kipindi cha runinga saa yake

NENO 'kipindi' lilimaanisha muda maalumu kabla ya kumaanisha tunachokitazama kwenye runinga. Mchezo uliitwa kipindi kwa kuwa ulikuwa na saa yake. Aliyechelewa aliukosa, basi, akasubiri kuhadithiwa kesho.

Katika vibanda vya chai vya Cheptais, chini ya Mlima Elgon, napenda kusikiliza watu wanavyouliza kuhusu vipindi. Enzi za Vitimbi na Vioja Mahakamani katika KBC, na hata baadaye wakati wa Papa Shirandula wa Citizen, swali lilikuwa, "Jana uliona?" Siku hizi ni, "Umefika wapi?" na jibu huwa, "Wacha! Usinimalizie utamu." Vijana wengine hawaulizi kitu. Wanasema tu, "Nitumie linki."

Tofauti hiyo si ndogo. "Jana uliona?" ni swali la watu waliotazama saa moja, pengine nyumbani kwa jirani mwenye runinga. "Umefika wapi?" ni swali la wasafiri ambao kila mmoja ana simu yake na bando lake.

Fani nayo imeguswa. Tamthilia ya Maria, iliyoanza katika Citizen mwaka 2019, ilipeperushwa jioni baada ya jioni. Tamthilia za aina hiyo hukatizwa pale moyo unapodunda, ulale na swali, uamke ukibishana na wenzako. Hiyo ndiyo taharuki. Ukitazama sehemu kumi mfululizo kwenye YouTube, taharuki hiyo haidumu hata dakika moja. Anayetazama vijisehemu vya dakika mbili naye huona kofi la mama mkwe bila kujua kosa. Amepata kilele, amekosa msuko.

Sisemi turudi tulikotoka. Mitambo ya analogia ilipozimwa nchini mwaka 2015, wasio na king'amuzi walibaki bila picha. Simu imewarejesha wengi. Mama muuza mboga hutazama akishafunga kazi, na bawabu wa usiku hutazama mchana. Hiyo ni haki yao.

Ila kuna hasara tusiyoihesabu. Mjini Cheptais, Msabaoti na Mbukusu walibishania kipindi cha jana kwa Kiswahili, kwa sababu kilikuwa chao wote. Walihakiki wahusika, wakapima maadili, wakachekeana lafudhi. Katika eneo ambalo ardhi imewahi kuwagawanya watu, mabishano yasiyo na uchungu ni hazina. Anayetazama peke yake ataelewa Kiswahili, sawa, lakini atakizungumza na nani?

Walimu wa fasihi wanaweza kusaidia. Wachague tamthilia moja, wakubaliane na wanafunzi watazame sehemu moja tu kwa wiki, kila mtu kwa saa yake, kisha Ijumaa wabishane darasani kwa Kiswahili. Nyumbani pia inawezekana. Muda wa kutazama si lazima uwe mmoja. Muda wa kuzungumza ndio tuulinde.