Siku Moja, Siku 211: Muda, Nafsi na Mtazamo wa Juu katika Orbital ya Samantha Harvey na Shajara ya Valentin Lebedev

Ikisiri

Makala hii inalinganisha matini mbili zinazohusu maisha ya muda mrefu katika kituo cha anga za juu: riwaya ya Orbital ya Samantha Harvey (2023) na shajara ya mwanaanga wa Kisovieti Valentin Lebedev, aliyoiandika mwaka 1982 ndani ya kituo cha Salyut 7. Kwa kuongozwa na mawazo ya Gérard Genette kuhusu muda wa usimulizi, tunadai kwamba Harvey anakabili ugumu wa kusimulia siku zinazofanana kwa kuzikunja ndani ya siku moja, lakini kwa kufanya hivyo anaupoteza mgogoro ambao shajara imeuhifadhi. Makala inaonyesha pia kwamba kiambishi hu- na hesabu ya saa ya Waswahili vinatupatia nyenzo za kuisoma riwaya hii kwa namna ambayo Kiingereza chenyewe hakiwezi.

1.0 Utangulizi

Orbital ilipata Tuzo ya Booker ya mwaka 2024, na wahakiki wengi wameisifu kwa uzuri wa lugha yake. Sifa hizo ni za haki. Hata hivyo, uzuri wa lugha ukisifiwa peke yake huziba swali gumu zaidi, nalo ni hili: mwandishi anasimulia nini pale ambapo karibu hakuna linalotokea? Safari ndefu ya angani ni kazi ya marudio. Wanaanga hufanya mazoezi ya mwili kila siku ili misuli na mifupa isidhoofike, hukarabati mitambo, hukusanya sampuli, hula chakula cha vifurushi na kulala wakiwa wamefungwa ndani ya mifuko. Kituo kiko kilomita zipatazo 400 juu ya uso wa dunia, nacho huizunguka dunia mara 16 hivi kwa saa 24. Msimulizi wa maisha hayo hana budi kuchagua: ama ayaorodheshe marudio yote, ama ayafupishe.

2.0 Marudio na Tatizo la Muda

Genette, katika uchambuzi wake wa usimulizi uliochapishwa mwaka 1972, alitofautisha kusimulia mara moja jambo lililotokea mara moja na kusimulia mara moja jambo lililotokea mara nyingi. Harvey anaitegemea sana njia hii ya pili. Riwaya yake inachukua siku moja tu, Jumanne ya mwezi Oktoba, nayo imegawanywa kwa mizunguko 16 ya kituo. Wahusika ni sita: Anton na Roman kutoka Urusi, Nell wa Uingereza, Chie wa Japani, Shaun wa Marekani na Pietro wa Italia. Matukio ni machache. Mama yake Chie amefariki dunia huko Japani na binti hawezi kwenda kumzika. Tufani kubwa inaelekea Ufilipino. Chombo kingine kimeondoka duniani kikipeleka watu mwezini. Mengine yote ni mazoea.

Nguvu ya riwaya imo katika namna msiba wa Chie unavyowekwa katikati ya mazoea hayo. Jua huchomoza na kuzama mara 16, lakini mama hafi mara 16. Tukio moja lisilorudiwa linasimama peke yake kati ya mambo yanayorudiwa, na kwa sababu hiyo linapata uzito bila mwandishi kulazimika kupaza sauti. Chie haombolezi kwa kishindo. Yeye huandika orodha. Msomaji anaelewa kwamba orodha hizo ndizo kilio chake.

Lebedev alikuwa na tatizo hilohilo bila kuwa na uhuru huo. Yeye na Anatoly Berezovoy waliondoka duniani tarehe 13 Mei 1982 na kurejea tarehe 10 Desemba, baada ya siku 211, muda ambao haukuwa umewahi kufikiwa na binadamu yeyote wakati huo. Shajara haiwezi kuzikunja siku; inazirundika. Uchovu, hasira dhidi ya waongozaji walioko ardhini, hamu ya kusikia sauti za nyumbani, vyote vinarudi tena na tena hadi msomaji mwenyewe anachoka. Uchovu huo wa msomaji usihesabiwe kuwa ni udhaifu wa matini. Ni sehemu ya maana yake, kwani ndiyo njia pekee ya kumfanya aliyeko chini aonje kidogo urefu wa siku hizo. Katika mrundiko huo, kitu kidogo hupata thamani kubwa. Mmea wa Arabidopsis ulipochanua na kutoa mbegu ndani ya Salyut 7, tukio la kwanza la aina yake angani, msomaji aliyevumilia kurasa nyingi za mitambo anaupokea kama mgeni aliyesubiriwa kwa muda mrefu.

3.0 Kiambishi hu- na Saa ya Waswahili

Harvey anaandika kwa wakati uliopo. Katika Kiingereza, wakati uliopo sahili hubeba mazoea na tukio la sasa kwa umbo moja la kitenzi, hivyo msomaji huteleza kutoka kimoja hadi kingine bila kutambua mpaka. Mfasiri wa Kiswahili hana njia hiyo ya kuteleza. Ni lazima aamue: wanaamka au huamka? Akichagua hu-, anapata mazoea lakini anapoteza kiambishi cha nafsi, kwa kuwa hu- haiambatani nacho: mimi huamka, yeye huamka, wao huamka. Akichagua -na-, nafsi inarudi, lakini mazoea yanaanza kuonekana kama tukio la asubuhi ile tu.

Hoja yetu ni kwamba ugumu huu wa mfasiri unaufichua mshono ambao riwaya imeuficha. Katika sehemu za mazoea, wahusika sita wanayeyuka na kuwa kiumbe kimoja chenye macho mengi. Hapo hu- ingefaa kabisa, maana nayo hairuhusu kitenzi kitaje nafsi. Katika sehemu za kumbukumbu, Shaun anapoitazama kadi yenye mchoro wa Las Meninas aliyopewa na mkewe, au Anton anapoikubali hali ya ndoa yake iliyokwisha kufa, nafsi moja hujitenga na wenzake, na hapo a- ni ya lazima. Tafsiri makini ingeyaonyesha waziwazi majira haya mawili ya riwaya, na huenda ikawa uhakiki bora kuliko makala hii.

Jambo la pili ni saa. Mzungumzaji wa Kiingereza huanza kuhesabu saa usiku wa manane, wakati usioonekana kwa macho. Mswahili huanza kuhesabu tangu jua linapochomoza: saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga. Ndani ya kituo, jua huchomoza kila baada ya dakika 90 hivi, na wanaanga wanafuata saa ya kimataifa waliyopangiwa kutoka chini. Kwa msomaji wa Kiswahili, basi, kichwa kinachohesabu mizunguko badala ya saa kinagusa msingi wenyewe wa neno asubuhi. Upotevu ambao Harvey anaueleza kwa tamathali, lugha yetu inauhisi katika hesabu ya kila siku.

4.0 Nani Anatazama, Nani Anatazamwa

Riwaya inarudia wazo kwamba kutoka juu mipaka ya nchi haionekani mchana. Mwandishi hana ujinga wa kisiasa: anataja kwa mzaha agizo linalowataka wanaanga watumie vyoo vya mataifa yao kwa sababu ya migogoro iliyoko chini. Lakini mzaha huo unapita haraka. Watu sita waliofungiwa pamoja kwa miezi hawagombani karibu kabisa. Hapa shajara ya Lebedev inaikosoa riwaya bila kukusudia, kwani humo ukimya kati ya watu wawili ni mzito, na chuki ndogondogo hukua kwa kukosa pa kwenda. Shajara nayo ina pengo lake: Berezovoy tunamjua kwa kalamu ya mwenzake tu. Ni shahidi asiyeitwa.

Pengo kama hilo katika Orbital ni kubwa zaidi. Miongoni mwa maskini wa dunia wanaotazamwa kutoka juu, wanaopewa uso ni mvuvi wa Ufilipino na familia yake, ambao Pietro aliwahi kufahamiana nao. Tufani inawafikia, na riwaya inawaonea huruma ya kweli. Hata hivyo, wao wanatazamwa tu. Hatujui wangesema nini kuhusu nyota ile iendayo kasi inayopita juu ya paa lao jioni. Afrika nayo hupita dirishani kama rangi na umbo.

Fasihi ya Kiswahili ina jibu la aina yake. Katika Walenisi ya Katama Mkangi (1995), Dzombo anarushwa angani kama adhabu ya kifo. Hakuchaguliwa kwa ubora wa afya wala elimu yake, alihukumiwa. Kwa sababu hiyo anga kwake haifuti udhalimu wa alikotoka, bali inampa mahali pa kuupimia. Mkangi anapanda juu pamoja na aliyeonewa. Harvey anapanda na aliyeteuliwa. Tofauti hiyo haiifanyi kazi moja kuwa bora kuliko nyingine kwa ufundi, lakini inaonyesha kwamba mtazamo wa juu una mwenyewe, na kwamba umbali pekee hauzai haki.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba Orbital inafaulu kuupa msiba mmoja uzito kwa kuuweka ndani ya marudio, na kwamba inalipa gharama ya ufupi wake kwa kuusawazisha mgogoro wa watu. Shajara ya Lebedev, ijapokuwa haina ulaini huo, inaukumbusha uhakiki kwamba muda mrefu ni jambo linalowabadilisha watu na halipaswi kuchukuliwa kama mandhari tu. Tunapendekeza riwaya hii itafsiriwe kwa Kiswahili, na mfasiri wake aupe uteuzi wa hu- na -na- uzito uleule anaoupa msamiati wa sayansi. Istilahi zinaweza kuundwa na kamati. Uamuzi wa nani anatajwa na nani anayeyuka ndani ya kitenzi utabaki mikononi mwa mfasiri.