Askari wa ukingoni: jinsi Miles alivyomshinda Karpov mwaka 1980

Mwezi Januari 1980, katika mashindano ya timu za Ulaya mjini Skara, Sweden, Anatoly Karpov alicheza kete nyeupe dhidi ya Tony Miles wa Uingereza. Karpov alikuwa bingwa wa dunia wa sataranji tangu 1975, na alifungua kwa hatua iliyozoeleka kuliko zote: askari wa mbele ya mfalme akaenda e4. Miles akamsogeza askari wa ukingoni mraba mmoja tu, hadi a6.

Kila anayejifunza sataranji huambiwa mapema kwamba miraba minne ya katikati, d4, e4, d5 na e5, ndiyo kitovu cha vita. Kete iliyosimama katikati hufika kokote, na askari aliyesimama hapo huwanyima wapinzani nafasi. Hatua ya a6 haigusi hata mraba mmoja kati ya hiyo. Ni kama mchezaji wa bao kuanza namua, kete ishirini na mbili zikiwa bado mkononi, halafu asijali kabisa nyumba yake. Dhidi ya bingwa wa dunia ilionekana kama mzaha, tena mzaha wa gharama, kwa kuwa Karpov akaweka askari wa pili d4 na kuimiliki katikati yote bila kutoa jasho.

Hata hivyo a6 ilikuwa na kazi. Hatua ya pili Miles akapeleka askari b5, mraba ambao yule wa a6 alikuwa ameshaulinda, na hatua ya tatu askofu wake akakaa b7, akiutazama mshazari mrefu unaopita e4. Katikati iliachwa kwa Mweupe ili iwe shabaha. Michael Basman, Mwingereza mwenzake aliyependa funguzi za ajabu, alikuwa ameshaichunguza njia hii. Faida yake kubwa ilikuwa nje ya ubao: Karpov na wasaidizi wake walikuwa wamechimba kwa kina majibu ya kawaida ya e4, na sasa maarifa hayo yote hayakuwa na kazi. Bingwa alilazimika kufikiri peke yake tangu hatua ya pili.

Alifikiri vizuri, kwa muda. Kufikia hatua ya saba Miles alikuwa ameshasukuma c5, askari wawili wakaliwa, na ubao ukaanza kufanana na michezo ya kawaida. Hatua ya tisa Karpov akasukuma askari wake e5 na kumfukuza farasi mweusi. Alipata nafasi pana upande wa mfalme, lakini farasi yule alihamia d5, mahali pazuri kuliko alipotoka, na askari wa e5 akabaki mbali na wenzake. Baada ya farasi kubadilishana, Karpov alimtoa askofu mmoja hatua ya 16 ili kumwondoa farasi wa mwisho wa Miles. Tangu hapo Mweusi alikuwa na maaskofu wawili, na Mweupe mmoja na farasi. Kwenye ubao uliofunguka, jozi ya maaskofu ni mali.

Hatua ya 19 Karpov aliamua kushambulia. Farasi wake akaruka hadi g5, Miles akamtishia kwa askari wa h6, na askofu mweupe akamtisha mfalme kutoka h7 kabla ya kurudi nyuma kabisa hadi b1. Farasi aliachwa g5 kama chambo. Kama Miles angemla, malkia mweupe angeingia h5 na kumtisha mfalme, kisha angemfunga h7 akisaidiwa na askofu wa b1. Miles hakumgusa. Alimrudisha askofu wake e7, farasi akatishiwa tena, ikabidi arudi e4.

Kosa lilikuja hatua ya 23. Karpov alimpeleka malkia d3, nyuma ya farasi na mbele ya askofu, ili farasi akihama tu, h7 iwe wazi kwa mauti. Lakini kule e2 malkia huyo alikuwa mlinzi pekee wa askari wa b2. Miles akabadilishana ngome moja safu ya c, halafu malkia wake akamla askari wa b2. Tishio la Karpov likayeyuka: kama farasi angeruka f6, malkia mweusi angeila ngome ya c1 na papo hapo kumtisha mfalme. Ngome ikalazimika kukimbilia e1, na hatua hiyohiyo Miles akamla askari wa e5, yule yule aliyesukumwa kwa tamaa hatua ya tisa. Karpov alipata askari wa d7 kama fidia, akiwatishia maaskofu wote wawili kwa pamoja, lakini Miles alimtoa mmoja hadi b4 akiitishia ngome. Kumla askofu wa b7 kungemgharimu Karpov ngome. Hatua ya 28 malkia wote walikuwa wametoka.

Kilichobaki kilikuwa ufundi. Miles alikuwa mbele kwa askari mmoja na bado ana maaskofu wake. Ngome yake ikaingia kupitia safu ya h, askari wa g3 akaanguka hatua ya 45, na hatua moja baadaye Karpov akasalimu amri.

Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba a6 ilimshinda Karpov. Hatua yenyewe humpa Mweupe faida ndogo, na hadi hatua ya ishirini na mbili Karpov hakuwa amepoteza kitu. Ilichofanya ni kumtoa kwenye njia anazozijua na kumshawishi kuadhibu kitu ambacho hakikuhitaji kuadhibiwa haraka. Hatua za utulivu zingemtosha.

Timu ya England ilimaliza ya tatu Skara, nyuma ya Umoja wa Kisovyeti na Hungaria. Ufunguzi huo leo huitwa Utetezi wa Mtakatifu George, na wengine huuita wa Birmingham, mji alikozaliwa Miles.